Chumvi, Bati na Bili: Nani Amelipia Kutu ya Uvungu wa Gari

Chini ya jiji la Detroit, huko Michigan nchini Marekani, kuna mgodi wa chumvi ulioshuka zaidi ya futi 1,100 ardhini. Chumvi hiyo iligunduliwa mwaka 1895, na shimo la kuifikia likakamilika 1910, Henry Ford akiwa na miaka miwili tu tangu aanze kuuza gari lake Model T juu ya ardhi hiyo hiyo. Mwanzoni chumvi ile ilikwenda kwa watengeneza ngozi na wasindikaji wa vyakula. Siku hizi kazi yake kubwa ni kumwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, nayo hupitiwa na magari ambayo mengine yaliundwa jirani kabisa na mgodi wenyewe. Jiji lililoufundisha ulimwengu kuunda magari kwa wingi lilikuwa limekalia shehena ya kitu kinachoyala magari. Hakuna njama hapo, ni jiolojia tu. Hata hivyo sadfa hiyo inafungua swali ambalo wasimulizi wa historia ya magari, kwa kupenda kwao injini na mashindano, huwa hawaliulizi: kwa nini viwanda vilivyojua namna ya kuzuia kutu vilikawia kuizuia pale inapodhuru zaidi, yaani chini ya gari? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba kutu ya uvungu ilianza kupungua pale sheria, kesi na ushindani vilipoitoa bili mfukoni mwa mwenye gari na kuipeleka kwa aliyeliunda. Kabla ya hapo ujuzi ulikuwepo, lakini hakukuwa na mtu mwenye sababu ya kuugharimia.

Tuanze na chuma chenyewe, maana bila kukielewa hoja nzima inaning'inia. Kutu hutokea maji na oksijeni vikikutana juu ya chuma. Chumvi haiianzishi, ila huiharakisha, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji matupu, na kutu kwa asili yake ni jambo la umeme: sehemu moja ya chuma hutoa elektroni na kuliwa, sehemu ya jirani huzipokea. Ingia chini ya gari, utazame nyuma ya tairi, mahali mabati mawili yalipopandanishwa na kuchomelewa kwa vidoa. Kati ya mabati hayo kuna ufa mwembamba usiopita hata ukucha. Maji huvutwa humo yakabaki, na matope yaliyorushwa na tairi huziba mdomo wa ufa na kuutunza unyevu kwa siku nyingi baada ya barabara kukauka. Ndani ya ufa hewa ni haba, nje ni tele, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuufanya upande wa ndani ndio uliwe. Mwenye gari haoni kitu. Baada ya miaka mitatu au minne huona kipovu cha rangi kwa nje, kidogo kama punje ya dengu, na fundi akikigusa kwa bisibisi, bisibisi inazama. Kwa hiyo kuosha gari juu na kuling'arisha kwa nta hakulindi kitu katika mapambano haya. Kuna ajabu nyingine pia: gari lililopakwa chumvi ya barabarani kisha likalazwa kwenye gereji yenye joto huoza upesi kuliko lile lililolala nje kwenye baridi kali, kwa kuwa joto huiharakisha kemia hiyo na barafu huisimamisha.

Magari ya mwanzo yalistahimili hali hii bila mtu kuyahangaikia sana. Yalikuwa na chesisi ya chuma kinene, iliyo wazi pande zote, na juu yake bodi ya mbao iliyofunikwa kwa mabati. Kutu ikila uso wa chuma kinene, kinabaki chuma cha kutosha, na chesisi iliyo wazi hukauka upesi. Mambo yalibadilika bodi yenyewe ilipofanywa mhimili. Lancia ya Italia ilifungua njia mwaka 1922 kwa gari lake Lambda, na Citroën ya Ufaransa ikaipeleka fikra hiyo sokoni kwa wingi mwaka 1934 kwa Traction Avant. Baada ya Vita Kuu ya Pili, magari madogo mengi ya Ulaya yalijengwa hivyo: hakuna chesisi tena, bali sakafu, vizingiti vya milango na maboksi ya mabati yaliyofungwa pande zote, ndiyo yanayobeba uzito wote. Bati lenyewe halifiki unene wa milimita moja. Gari likawa jepesi, rahisi na lenye kubana mafuta, na wahandisi walistahili sifa. Lakini maboksi yale yaliyofungwa yakawa pango lisilofikiwa na brashi wala jua, na tundu kwenye kizingiti cha mlango halikuwa tena aibu ya sura, lilikuwa mguu wa gari uliovunjika. Wahandisi walijua hivyo. Hesabu yao ilikuwa kwamba gari litadumu muda wa kutosha kumridhisha mnunuzi wa kwanza, na ya mnunuzi wa tatu hayakuwa yao.

Ndipo chumvi ikaja barabarani. Jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, lilianza kuijaribu kwenye barabara zake mwaka 1938, na katika baridi ya 1941 kuingia 1942 likaifanya sera ya kawaida. Mwaka huo Marekani nzima ilitumia tani zipatazo 5,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 kiasi kilikaribia tani milioni 1, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilikuwa kama milioni 10 kila mwaka. Kilichoisukuma hesabu hiyo ni barabara kuu mpya zilizoidhinishwa kwa sheria ya 1956, pamoja na ahadi ambayo mamlaka za barabara ziliwapa wananchi: baada ya theluji kuanguka, lami itaonekana nyeusi ndani ya saa chache. Mchanga na majivu, vilivyotumika zamani, viliongeza tu mshiko wa tairi. Chumvi iliiondoa barafu yenyewe, kwa bei ndogo. Maji matupu huganda kwenye sifuri, lakini maji yaliyojaa chumvi ya kutosha huweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwa bajeti ya jimbo lilikuwa jambo la heri. Lakini bajeti ya jimbo haikuwa na safu ya kuandikia vizingiti vya milango vilivyooza, kwa sababu vizingiti hivyo havikuwa mali ya jimbo.

Hapa kuna pingamizi zito ambalo halifai kurukwa. Chumvi huokoa maisha. Barabara iliyosafishwa barafu ina ajali chache kuliko barabara ya utelezi, na ambulensi inayofika hospitalini usiku wa theluji ni hoja inayoshinda bati lolote. Nakubali, tena bila shingo upande. Lakini pingamizi hilo linathibitisha tu kwamba chumvi ilistahili kumwagwa. Halisemi ni nani alipaswa kulipia matokeo yake. Jamii iliamua kwa pamoja kununua usalama, kisha ikamwachia kila mwenye gari alipe sehemu ya gharama hiyo kimyakimya, kwa thamani ya gari lake inayoyoyoma. Aliyelipa zaidi ni maskini, kwa kuwa yeye ndiye anayenunua gari likiwa na miaka minane, kutu ikiwa imekomaa. Mtu akitaka kuitetea sera ya chumvi aitetee yote, pamoja na bili hiyo.

Je, wakati huo watu walikuwa hawajui la kufanya? Walijua, tena kwa zaidi ya karne. Mwaka 1824 mwanakemia Mwingereza Humphry Davy aliieleza Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, jinsi ya kulinda mabati ya shaba yaliyofunika matumbo ya meli za kivita kwa kuyafungia vipande vya zinki au chuma. Metali hizo huwa tayari kuliwa kuliko shaba, kwa hiyo bahari huanza nazo na kuiacha shaba. Jaribio lilifanywa kwenye meli iitwayo Samarang, na shaba ikapona kweli. Tatizo ni kwamba shaba inayoliwa kidogo kidogo ndiyo inayowatia sumu viumbe wa baharini wanaojibandika. Ilipoacha kuliwa, konokono na mwani wakajaa, meli zikawa nzito, na wanamaji wakaliacha wazo hilo. Kanuni ilibaki. Mwaka 1837 mhandisi Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuzamisha chuma ndani ya zinki iliyoyeyushwa, na kutoka hapo tukapata mabati ya paa tunayolala chini yake hadi leo, ndoo, karai na nyaya za uzio. Kampuni ya Rover ya Uingereza ilipojenga Land Rover za majaribio mwaka 1948, chesisi zake zilizamishwa kwenye zinki. Zilipoanza kutengenezwa za kuuzwa, zinki ikaondolewa na chesisi ikapakwa rangi tu. Bodi ya gari hilo ilikuwa ya aluminiamu, kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na matokeo yake kila mkulima wa Uingereza na kila idara ya serikali Afrika Mashariki ilikuja kuwa na Land Rover yenye ngozi nzima juu na mifupa inayooza chini. Sidhani kuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba kinga ilikuwa mkononi na ikawekwa chini kwa hesabu ya fedha.

Kwa kulinganisha, tuwaangalie mabaharia wa pwani yetu. Jahazi la Lamu au Unguja lilipandishwa ufuoni maji yalipokupwa, tumbo likakwanguliwa, kisha likapakwa deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu ya mnyama na chokaa, ili kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Sehemu za juu zilipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, yanayonuka kiasi cha kumfanya abiria mgeni ajute kupanda. Kazi hiyo ilirudiwa tena na tena maadamu chombo kinasafiri. Haikuwa kwamba watu hao walikuwa na hekima kuliko wahandisi wa Rover au wa Detroit. Nahodha na mwenye chombo waliokula faida ya safari ndio hao hao ambao wangepata hasara chombo kikitoboka. Ujuzi na bili vilikaa nyumba moja. Katika biashara ya magari vilitengana: aliyejua alikuwa kiwandani, aliyelipa alikuwa barabarani.

Pengo lolote la namna hiyo huzaa biashara, na hili lilizaa biashara ya kupaka uvungu. Aina ya kwanza ilikuwa lami: muuzaji wa magari alimpulizia mteja tabaka jeusi zito chini ya gari, akamtoza, na kumwambia sasa ametulia. Tabaka hilo lilipunguza kelele za kokoto, na kwa hilo lilikuwa na faida. Kama kinga ya kutu lilikuwa la kubahatisha. Lami ikizeeka hukauka na kupasuka, maji ya chumvi hupenya kwenye nyufa, na yakishaingia hayatoki. Mwenye gari huona weusi mzuri huku bati likioza nyuma yake. Ndiyo maana fundi makini hadi leo hugonga uvungu kwa nyundo ndogo na kusikiliza, kwani jicho halitoshi. Aina ya pili ilikuwa ya akili zaidi. Mwaka 1959 Kurt Ziebart, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi Detroit, alianzisha karakana ya kutoboa matundu madogo kwenye milango, vizingiti na maboksi, kuingiza mrija wenye ncha ya kupulizia pande zote, kuyapaka mapango kwa ndani, kisha kuyaziba matundu kwa vizibo vya plastiki. Sweden nayo ilikuza viwanda vyake vya dawa za nta na mafuta za kupulizia ndani ya maboksi. Jambo la kuzingatia ni hili: karakana hizi hazikugundua sayansi mpya. Zilikuwa zinamalizia, kwa fedha ya mnunuzi, kazi ambayo kiwanda kingeweza kuimaliza kwa gharama ndogo zaidi wakati mabati yakiwa bado hayajafungwa.

Wapo wanaosema kosa ni la wenye magari: wangeosha uvungu kila juma wakati wa baridi, wangepaka mafuta kila mwaka, magari yao yangedumu. Kuna ukweli kidogo hapo. Katika majimbo ya Quebec na Ontario huko Canada, watu wengi hupeleka magari yao kila vuli yakapulizwe mafuta, na magari hayo hudumu kuliko ya majirani. Lakini kuosha hakuingii ndani ya boksi lililofungwa, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kutopaka mahali ambapo mkono wake haufiki na kitabu cha gari hakimwambii kuwa papo. Wengine hutaja chuma kibaya. Uvumi maarufu ni kwamba magari ya Italia ya miaka ya 1970 yalioza kwa sababu Fiat, baada ya kukubaliana na Wasovieti mwaka 1966 kuwajengea kiwanda huko Togliatti, ililipwa kwa chuma duni cha Kirusi. Ni hadithi tamu, na hutajwa kila baraza la wapenda magari, lakini haielezi kwa nini Vauxhall Victor ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1957, ilisifika kwa kuoza miaka tisa kabla ya mkataba huo. Magari ya Uingereza, Marekani, Japani na Ujerumani yalioza pia katika zama hizo. Kilichoyaunganisha yote ni bati jembamba, maboksi yasiyotoa maji, rangi ya msingi isiyofika ndani, na mnunuzi asiye na pa kushtaki.

Mnunuzi huyo alianza kupata pa kushtaki polepole, kwa mlango wa nyuma. Mlango huo ulikuwa ukaguzi wa lazima. Uingereza iliuanzisha mwaka 1960, mwanzoni kwa magari yenye miaka kumi na zaidi, kisha ikashusha umri hadi miaka mitatu kufikia 1967. Ukaguzi wa kwanza ulitazama breki, taa na usukani tu. Mwaka 1977 hali ya bodi na chesisi ikaongezwa. Sweden iliunda kampuni ya taifa ya ukaguzi mwaka 1963 na kuanza kukagua 1965. Ghafla kutu ya uvungu, ambayo kabla yake ilikuwa siri kati ya gari na matope, ikawa maandishi kwenye cheti: limefeli, kizingiti cha kushoto. Thamani ya gari la miaka saba ikajulikana, na sifa ya aliyeliunda ikajulikana pamoja nayo. Nchini Canada, ambako chumvi ni nyingi na wanunuzi walikuwa wamechoka, serikali ilitoa kanuni mwishoni mwa miaka ya 1970 iliyowataka watengenezaji wahakikishe magari hayaozi ndani ya muda uliotajwa. Kisha mwaka 1980 likatokea la Lancia. Gari lake Beta, lililoingia sokoni mwaka 1972, lilibainika nchini Uingereza kuoza mahali injini inapobebwa, magazeti na televisheni wakaliandama, na kampuni ikalazimika kuyanunua tena baadhi ya magari kutoka kwa wenyewe. Haikupona sokoni humo. Iliondoka Uingereza mwaka 1994. Kila bodi ya wakurugenzi barani Ulaya iliisoma habari hiyo na kuelewa kuwa kutu sasa ina uwezo wa kuua kampuni, wala si gari peke yake.

Mhandisi anaweza kunijibu kwamba nimeupuuza ugumu wa kiufundi, na anastahili kusikilizwa kuliko wote. Bati lenye zinki halikuwa rahisi kufanyia kazi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini sana ya joto linaloyeyusha chuma, hivyo wakati wa kuchomelea hufuka, huchafua ncha za mashine na kudhoofisha kiungo. Rangi pia haikushika vizuri juu yake. Mambo haya ni kweli, na yalihitaji miaka kutatuliwa. Lakini tazama tarehe. Njia ya kuzamisha bodi nzima kwenye tangi la rangi na kupitisha umeme, ili rangi ivutwe hadi kwenye mapango, ilianza kutumika Ford miaka ya 1960, na aina yake bora zaidi ikaingia kwenye magari mwaka 1976. Porsche ilianza kujenga 911 kwa chuma chenye zinki mwaka 1975 na ikathubutu kuipa dhamana ya miaka sita dhidi ya kutu. Audi ilifuata na 100 yake mwaka 1985. Kabla ya 1975 tatizo la kuchomelea zinki lilikuwa gumu. Katika miaka ya ukaguzi, kanuni na aibu za magazetini, likatatulika ndani ya muongo mmoja. Ugumu huo ulikuwepo kweli, ila fedha za kuutatua hazikutafutwa hadi zilipohitajika. Ushindani ulimaliza kazi iliyobaki: dhamana ya miaka kumi, baadaye kumi na miwili, ya kutotoboka ikawa kitu cha kawaida Ulaya, na anayeandika dhamana ndefu hulazimika kuliunda gari likaifikie.

Hata hivyo ushindi huo ulikuwa wa sehemu inayoonekana na inayotajwa kwenye dhamana. DeLorean ya 1981 inafaa kutajwa hapa kama kichekesho chenye huzuni: bodi yake ilikuwa ya chuma kisichopata kutu, nayo ilitangazwa kwa fahari kuu, lakini fremu iliyoibeba ilikuwa ya chuma cha kawaida kilichopakwa epoksi, na epoksi ikipasuka fremu huoza kama fremu ya gari lolote. Mfano mkubwa zaidi ni wa Toyota. Mwaka 2008, huko Marekani, kampuni hiyo ilirefusha dhamana ya chesisi za pikapu zake Tacoma za 1995 hadi 2000 kufikia miaka 15, na zilizooza kupita kiasi ikazinunua. Mwaka 2016 ikakubali makubaliano ya mahakamani yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, yakihusu magari yapatayo milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia. Chesisi yenye tundu la milimita 10 au zaidi ilibadilishwa nzima. Kampuni yenye sifa ya kudumu kuliko zote, karne ya 21, ikiwa na kila ujuzi uliotajwa humu, bado ilitoa chesisi zenye kinga hafifu, na ilizirekebisha bili ilipofika mezani kwake. Mmarekani aliyekuwa na Tacoma alipata chesisi mpya. Mwenye gari lililooza vivyo hivyo mahali pasipo na mahakama ya namna hiyo alitafuta fundi wa kuchomelea.

Na hapo ndipo historia hii inapotua kwetu. Japani ilizuia tairi zenye misumari kwa sheria ya 1990, kwa sababu misumari ilikuwa ikisaga lami na kuijaza vumbi hewa ya miji kama Sapporo na Sendai. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa mapafu. Lakini barafu haikusoma sheria, na matumizi ya chumvi na dawa za kuyeyusha barafu kaskazini mwa nchi hiyo yakapanda sana. Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo biashara ya magari yaliyotumika kutoka Japani ilishamiri Mombasa na Dar es Salaam, baada ya nchi zetu kulegeza masharti ya uagizaji. Gari lililoishi Okayama, kusini-magharibi, na gari lililoishi Hokkaido, kaskazini, hushuka melini yakiwa na rangi ile ile inayong'aa, umri ule ule na kilomita zinazolingana, huku chini yakiwa vitu viwili tofauti. Kanuni zetu hutazama zaidi umri: Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, Uganda tangu 2018 imekataa yaliyozidi miaka 15. Umri ni kipimo rahisi kwa karani wa forodha, na kwa injini na moshi una maana. Kwa kutu una maana ndogo. Gari la miaka mitano lililokula chumvi ya Aomori, kaskazini, linaweza kuwa bovu chini kuliko la miaka kumi na mbili lililokaa kusini.

Likishafika, gari hilo halikutani na theluji, lakini hukutana na upepo wa bahari wa Mombasa, Tanga na Zanzibar, matope ya masika, na kama ni pikapu ya kubebea samaki, maji ya barafu na chumvi yanayochuruzika sakafuni kila asubuhi. Kutu iliyoanza Japani haihitaji ruhusa kuendelea. Mafundi wetu wengi hupaka oili chafu chini, na wasomi huwacheka. Si haki kuwacheka kabisa: tabaka la mafuta hufukuza maji, na ndiyo kanuni ile ile ya Quebec. Ila oili iliyotoka kwenye injini ina tindikali na masizi, huharibu bushi za mpira, huchuruzika na kuchafua udongo, na haifiki ndani ya maboksi. Afadhali mafuta safi mazito au nta ya kupulizia, iingizwe kwa mrija kwenye matundu ya kutolea maji yaliyopo chini ya vizingiti, baada ya matope kutolewa na bati kukauka. Kupaka lami mpya juu ya kutu ya zamani ni kuificha tu, na wauza magari wasio waaminifu wanalijua hilo vizuri. Uvungu mweusi ti wa gari lililotumika unapaswa kumtia mnunuzi wasiwasi.

Viwanda vilibadilika vilipolazimishwa na cheti, dhamana na mahakama. Mnunuzi wa Afrika Mashariki hapati kwa hivyo kinga ya kutosha dhidi ya kutu ya mtu mwingine, kwa hiyo ndiye mlipaji wa mwisho wa chumvi iliyomwagwa maelfu ya kilomita kutoka kwake. Viwango vyetu vya uagizaji vinaweza kurekebisha hilo bila gharama kubwa, kwa kudai picha za uvungu na vizingiti pamoja na mkoa ambao gari lilisajiliwa, badala ya kuhesabu miaka peke yake. Mpaka hilo lifanyike, anayeagiza gari asilipe kabla hajapata karatasi ya mnada. Karatasi hiyo ina mchoro wa gari wenye alama: herufi S huonyesha kutu, C huonyesha chuma kilichokwisha kuliwa, na maelezo ya ukaguzi mara nyingi hutaja hali ya chini. Mwombe wakala aitume kamili, pamoja na picha zilizopigwa gari likiwa limeinuliwa. Wakala anayekataa kuzituma, mwache na gari lake.